Bi Batuli na Simu Inayomwamkia

Shangazi yangu Batuli hajawahi kuumwa. Huamini? Muulize mwenyewe. Siku moyo ulipomlemea mara ya kwanza, vijana wa mtaani walimtoa ndani juu ya kiti cha plastiki maana kusimama hawezi. Jirani mmoja akamuuliza pale mlangoni, "Hujambo, Bi Batuli?" Naye, midomo imembadilika rangi, pumzi anaivuta kwa tabu, akajibu, "Sijambo, alhamdulillahi. Watoto wako hawajambo?" Nusura nipige kelele. Mtu roho iko puani na bado anauliza watoto wa watu.

Mimi ni Widad, mtoto wa kaka yake. Tunakaa pamoja Shella, hapa Malindi. Chumba cha mbele nimeweka cherehani, nashona mabuibui. Chumba cha nyuma ni chake. Ana mtoto mmoja tu, Abdulqadir, na huyo yuko Doha anaendesha malori. Kwa hivyo aliyebaki na Bi Batuli ni mimi, na nasema wazi: kuuguza mgonjwa ni kazi, lakini kumuuguza mgonjwa asiyekubali kuwa anaumwa ni adhabu.

Kazi yake ni kuosha maiti. Mwanamke akifa Shella, kabla hata watu hawajamaliza kulia, mtu amekwisha tumwa kwetu. Bi Batuli huchukua mkoba wake, ule mweusi wenye majani ya mkunazi, kafuri, pamba na udi, akatoka. Mkoba ule hakuna mtu anayeugusa. Wageni wakija, hukaa upande wa pili wa chumba. Hata mwizi aliyewahi kuingia kwetu alibeba redio na sufuria, mkoba akauruka.

Na huko anakokwenda, hana haraka. Akiingia chumbani kwa maiti kwanza hutoa salamu. "Assalaam alaykum, Fatuma. Ni mie Batuli. Nimekuja." Kisha anamweleza kila analofanya: sasa nakuinua mkono, sasa nakumiminia maji, yana uvuguvugu, usiogope. Wasaidizi wake wakianza kunong'ona umbea huwafukuza papo hapo. Akishaanza hatoki. Kwake yeye, kumwacha maiti nusu kaoshwa ukaenda haja zako ni dhambi ambayo haijaandikiwa jina. Kwa miaka mingi amenisihi nijifunze. "Njoo unisaidie hata kushika bilauri, Widad." Mimi naogopa wafu, na nilimwambia hivyo tangu zamani. Anitafutie kitambaa nikishone, maiti simtaki.

Daktari alisema moyo wake umetanuka na hausukumi damu sawasawa, ndiyo maana maji yanamjaa miguuni na kifuani. Akampa dawa. Iliyo kubwa kati ya hizo ni ile sisi tunayoiita dawa ya maji, kwa sababu ukiimeza asubuhi, basi mpaka adhuhuri njia yako ni moja, chooni. Daktari alisema jambo moja kwa ukali: dawa hii isikose, ikikosa maji yatarudi, na yakirudi kifuani safari hii huenda tusimuwahi.

Abdulqadir aliposikia hayo huko Doha, alifanya wanayofanya watoto walio mbali. Alinunua simu. Simu kubwa, mpya, akaituma na mtu, ndani yake mna programu ya wagonjwa wa moyo ambayo kliniki yetu nayo imejiunga. Nikaiwasha mimi, nikaandika jina la shangazi, nikaingiza dawa zote na saa zake, nikakaa kitako nusu ya siku nzima huku mteja wangu wa buibui la harusi akinipigia simu na kunisonya. Kazi ya programu ni hii: kila asubuhi simu inalia kengele laini, kisha yanatokea maandishi makubwa, na sauti ya binti mmoja mpole inayasoma: "Assalaam alaykum, Bi Batuli. Habari za asubuhi? Umemeza dawa zako?" Chini pana vitufe viwili. Cha kijani, "Nimemeza." Chekundu, "Bado." Jibu linakwenda kliniki, na linakwenda kwa Abdulqadir.

Bi Batuli aliipenda simu ile siku ya kwanza tu. Alikuwa akijitanda ukaya wake kichwani vizuri kabla ya kuijibu. Kengele ikilia, kule nyuma namsikia, "Waalaykum salaam, mwanangu," kisha kidole juu ya kijani. Hakuchelewa hata siku moja. Abdulqadir akawa ananitumia picha ya alama za mama yake, safu nzima ya kijani, na maneno: "Mashallah, umeona? Asilimia mia! Teknolojia hiyo, Widad." Alinitumia hata wakati niko sokoni na mikono ina shombo la samaki.

Basi ungedhani miguu itapungua. Miguu ikavimba. Ilivimba kama unga uliotiwa hamira, ukibonyeza kwa kidole kishimo kinabaki. Viatu vikakataa, akawa anatoka na kandambili za marehemu mumewe. Usiku akawa halali ila kwa mito mitatu. Namuuliza, "Shangazi, waonaje?" "Njema, mwanangu." "Na pumzi?" "Njema tu." Nikimtazama anatweta kutoka jikoni hadi barazani. Nikimwambia anatweta, anasema ni joto.

Nikampeleka kliniki kwa nguvu. Anayetuona pale ni Pamela, muuguzi, binti wa Jilore, mwenye adabu zake. Akampigia shangazi shikamoo, shangazi akaitikia marahaba na kumuuliza mama yake huko Jilore, mahindi yake, na yule mbuzi aliyekuwa mgonjwa. Mpaka mbuzi alipokwisha, mimi nimekwisha kaukwa na mate. Pamela akabonyeza miguu, akasikiliza kifua, akafungua kompyuta. Kijani kote.

"Bibi anameza vizuri sana," alisema, uso umemkunjamana. "Kama wote wangekuwa hivi! Lakini basi dawa haimtoshi."

Akaenda kwa daktari, akarudi na karatasi. Dawa ya maji iongezwe mara mbili. Na kama haitasaidia, apelekwe Mombasa akapimwe upya, huenda moyo umechoka kuliko walivyodhani. Nikamtazama shangazi, nikitaraji aseme neno. Alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake. "Ahsante, mwanangu," alimwambia Pamela. "Mungu akuzidishie."

Jioni ile Abdulqadir alipiga simu ya video, akafoka kana kwamba dawa nimeitengeneza mimi. Mama yake anameza kila siku na bado anavimba, sisi tuko wapi? Kuanzia kesho, alisema, Widad umpe kwa mkono wako. Usimwachie. Nikamuuliza kama anataka pia niwashonee wateja mabuibui kwa mkono wa tatu. Akakata.

Nikampa kwa mkono wangu, ningefanya nini? Asubuhi ile nilisimama mbele yake na bilauri ya maji na vidonge kiganjani. Alinitazama, akatazama kiganja, akatazama mlango. Mtu akikusimamia na bilauri huwezi kumrudisha. Akameza vyote. Simu ikasalimu, akabonyeza kijani, na mimi nikarudi kwa cherehani nikijiona nimefanya jambo la maana.

Asubuhi nzima alikuwa kiguu na njia chooni. Namsikia tu mlango wa bati ukigonga. Jambo nisiloliona, kwa sababu sindano ilikuwa inanikatikia nyuzi, ni kwamba ili apunguze safari hizo hakunywa hata tone la maji. Adhuhuri, jua limekaa juu ya paa, wakaja watu. Bi Hafswa, jirani yetu wa kona ya msikiti, amefariki. Shangazi akachukua mkoba wake.

"Shangazi, leo waachie wenzako," nilimwambia.

"Hafswa nilimfunda mie siku ya harusi yake," alisema. "Nimwachie nani?"

Akatoka. Kilichotokea kule nilihadithiwa na wasaidizi wake. Alitoa salamu. Akaanza, taratibu, upande wa kulia. Chumba hakina dirisha, udi unafuka, maji ya moto yanafukiza. Alikuwa katikati ya kumweleza Hafswa kwamba sasa anamwosha miguu, sauti ikakatika. Akaanguka sakafuni, kando ya kitanda cha kuoshea. Wanawake wakapiga mayowe. Huko nje waombolezaji wakadhani ni kilio cha Hafswa, nao wakazidisha, hata mtu wa kuita gari hakupatikana kwa muda. Nilipofika mbio, buibui nimelivaa kinyume, mama mmoja alikuwa ameshika tama anauliza kwa mara ya pili, "Sasa huyu nani atamwosha?"

Nilimwambia afunge domo lake. Sijutii.

Kliniki walimtundikia maji. Presha ilikuwa imeshuka sana, Pamela alipima, hakuamini, akapima tena. "Hii dozi haingemwangusha hivi," alisema. "Ni nyongeza tu ya ile aliyokuwa anaimeza." Alikuwa anajiuliza mwenyewe kuliko kuniuliza mimi. "Labda ni figo. Labda ni moyo wenyewe. Daktari anataka kuandika barua ya Mombasa sasa hivi." Shangazi amefumba macho pale kitandani, mdogo, sijapata kumwona mdogo vile.

Hapo simu ikaanza kulia. Ilikuwa ndani ya mkoba, ule mweusi, ambao watu walinitupia mikononi wakati wa kupandisha gari na mimi kwa kiwewe nikaupokea. Abdulqadir, bila shaka, nani mwengine? Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Wagonjwa wakaanza kunitazama. Nikasema bismillahi, nikafungua zipu, nikaingiza mkono gizani huku nimekaza meno. Nilishika pamba. Nilishika kopo la kafuri. Kopo lile lilikuwa linatoa sauti lisiyostahili kuitoa, la kuchezacheza, kama njugu.

Nikalifungua. Lilikuwa limejaa dawa ya maji. Vidonge vidogo vyeupe, vimepangwa juu ya pamba safi, maana kutupa dawa ni israfu na shangazi yangu hafanyi israfu. Amevificha mahali pekee katika Malindi yote ambapo mkono wa mtu hauingii.

Nilimpelekea Pamela lile kopo. Alilitazama, akamtazama shangazi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Kwa hivyo mwili wake haujazoea hata dozi ya kwanza," alisema polepole. "Na sisi tumempa mara mbili." Akaondoka mbio kwenda kumzuia daktari na barua yake.

Na mimi nikapasuka. Kliniki yote ilinisikia, na yule mzee wa kitanda cha pili alinyamaza kukohoa ili asikie vizuri.

"Shangazi! Dawa hujameza tangu lini?"

Akafumbua macho. "Kuna siku humeza. Siku ambayo hapana msiba na sina darsa ya kina mama."

"Na siku zilizobaki?"

"Utamezaje dawa ile, mwanangu, na wakuita ukaoshe? Nimwache maiti wa watu nusu, nende chooni? Na udhu nao, kila nikishika unatoka."

"Sawa! Sawa, hilo naelewa. Lakini kwa nini ulibonyeza kijani? Kila siku kijani! Abdulqadir anarukaruka huko Doha, kliniki wanakuzidishia dawa, leo nusura tukuzike pamoja na Hafswa. Kwa nini hukubonyeza chekundu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumtemea mate mgeni.

"Alinisalimu, Widad. Alinitaja kwa jina langu. Aniulize habari za asubuhi, nimwambie bado? Hilo ndilo jibu la salamu?"

"Ni simu!"

"Salamu ni salamu. Hata aliyekufa namsalimu." Akapumzika kidogo, maji yanadondoka kwenye mpira. "Mtu akikuuliza habari, wajibu njema. Kisha yeye akuuliza, na nyengine? Hapo ndipo wasema yaliyoko. Ndivyo tulivyolelewa. Huyu binti nilimjibu njema kila siku, nangoja aniulize mara ya pili. Hakuniuliza."

Nikamfunika miguu kwa shuka, kwa hasira.

Pamela alirudi akatuambia jambo ambalo lilinifanya nitake kugonga kichwa ukutani. Dawa ya maji si lazima asubuhi. Siku ya msiba aimeze akirudi, hata alasiri, mradi isikose na mradi isiwe usiku akakosa usingizi. Na kikombe cha maji asikinyime kinywa. Ni hivyo tu. Miguu iliyovimba, mito mitatu, Mombasa, mayowe ya msibani, vyote kwa ajili ya swali ambalo lingejibiwa kwa pumzi moja.

Walituruhusu kesho yake. Wasaidizi walikuwa wamemaliza kumwosha Hafswa na amekwisha zikwa, na shangazi hakuuliza waliifanyaje kazi, jambo lililonitia wasiwasi kuliko presha. Asubuhi iliyofuata alikuwa ameketi kitandani, nimemwekea dawa na chai ya tangawizi, simu ikalia. "Assalaam alaykum, Bi Batuli. Habari za asubuhi? Umemeza dawa zako?"

"Waalaykum salaam, mwanangu," alisema, akanyoosha kidole.

Nikamnyang'anya simu. Nimechoka, nimekasirika, sijalala vizuri. Nikabonyeza chekundu kwa nguvu hata kucha ikaniuma.

"Astaghfirullah, Widad! Mtoto wa watu amenisalimu!"

Kioo kikabadilika. Kisha yule binti mpole, kwa sauti ileile, akasema: "Pole sana, Bi Batuli. Kuna jambo gani linalokuzuia?"

Tulitazamana. Swali la pili lilikuwa mle siku zote. Limekaa nyuma ya kitufe chekundu, kila asubuhi, likimngoja mtu ambaye hawezi kukibonyeza kwa adabu zake. Nani aliyeitengeneza hii? Aje nimshonee kinywa.

"Amesemaje?" shangazi aliuliza.

"Anauliza kuna jambo gani."

"Mwambie aseme tena."

Nikabonyeza, akasema tena. Shangazi akajitanda ukaya vizuri, akaisogelea simu, akaanza kujibu. Palitakiwa kuchaguliwa neno moja kati ya manne yaliyoandikwa pale, yeye akazungumza. Alimweleza habari za udhu. Alimweleza habari za kazi, kwamba mtu akishaanza hatoki. Alimwambia miguu inamuuma, tena inamuuma sana, neno ambalo sijapata kulisikia kinywani mwake. Simu ilikuwa imekwisha zima kioo chake na haisikii lolote, lakini mimi nilikuwa nimesimama pale na bilauri.

"Na naogopa, mwanangu," aliiambia simu. "Juzi nilipoanguka sikuzimia mara moja. Nalilala sakafuni, namwona Hafswa juu yangu, mguu mmoja umeoshwa, mmoja haujaoshwa. Nikasikia mtu auliza, huyu nani atamwosha. Na wote wakanyamaa. Nimewaosha mama zao. Wote wakanyamaa."

Alipangusa machozi kwa ukaya. Mimi yangu niliyaacha yatoke, sikuwa na mkono mtupu. Nilijisikia nataka kumpiga mtu na sijui nani: Abdulqadir na asilimia zake, binti wa kwenye simu, wale wanawake walionyamaza, mimi mwenyewe na cherehani yangu. Mkoba mweusi ulikuwa pale chini ya kitanda, mahali pake pa siku zote. Niliusogeza kwa mguu, nikapata pa kuketi karibu naye.

"Nitakuosha mimi," nilimwambia.

"Wewe waogopa."

"Naogopa, ndiyo. Utanifundisha. Utakuwa hai, na utanifundisha, na itachukua muda mrefu kwa sababu mimi ni mzito wa kufahamu na wewe wajua." Nikamshika kiganja, nikavimimina vidonge humo. "Leo hatwendi popote. Meza."

Akameza, akanywa maji yote mpaka chini ya bilauri. Simu ikaanza kulia, Abdulqadir, ameona alama nyekundu ya kwanza tangu ainunue. Nikampa mama yake aipokee.

"Mama! Hujambo?"

Bi Batuli alinitazama, akafikiri, akashusha pumzi.

"Sijambo," alisema. "Niulize tena."